Mama Alifeli Kulala

Katika mafunzo yote ya uhudumu wa majumbani, Mama alifaulu kila kitu isipokuwa kulala kitandani.

Nilipoisikia habari hiyo nilidhani anatania. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, viatu bado miguuni, na uso wa mtu aliyekamatwa na kosa dogo mbele ya watu wengi. Baba alikuwa mezani akiifungua pasi ya Bibi Fundi iliyokataa kupata moto. Kazi yake ni kutengeneza vyombo vya umeme, na meza yetu ya kulia chakula ndiyo karakana yake. Aliiweka bisibisi chini taratibu, akamwomba Mama arudie alichosema.

Mama akarudia. Kuosha mikono amepita. Kupima joto la mwili amepita. Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu amepita, tena amesifiwa. Hata mtihani wa kuandika, wenye yale maswali ya dawa yaliyomtoa jasho wiki nzima, amepita. Lakini ilipofika zamu yake ya kuwa mgonjwa, akafeli.

"Kulala tu?" Baba aliuliza.

"Kulala tu."

Baba aliinama chini ya meza kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama akamwambia hana haja ya kujificha, anamwona.

Mimi nilicheka pia, lakini kicheko changu hakikufika mbali, kwa sababu nilijua cheti kile kina maana gani kwetu. Kwa miaka mingi Mama amekuwa akimhudumia Bibi Fundi, mshonaji wa mtaa wetu, ambaye nyumba yake iko pembeni, pale barabara inapokata kona. Nusu ya watu wa mtaani wamekwenda shule na sare zilizotoka kwenye cherehani ya bibi huyo. Kisha kiharusi kikampiga, kikamchukulia mkono na mguu wa kulia. Mama alianza kwa kupita asubuhi kumsalimu na kumpashia maji, na kabla hatujajua, kupita kule kukawa ndiyo kazi yake.

Halafu likatoka tangazo. Kila anayelipwa kumhudumia mgonjwa nyumbani lazima asome na awe na cheti. Asiye nacho, ofisi inayosimamia huduma hizo itampeleka mtu mwingine badala yake. Bibi Fundi aliposomewa tangazo hilo alisema huyo mtu mwingine akija atamkuta mlango umefungwa kwa ndani. Mama alimkumbusha kwamba hawezi kuufikia mlango. Bibi akasema basi atajifanya kiziwi.

Kwa hiyo Mama akarudi shule. Hakuwa ameshika kalamu ya mtihani tangu alipokuwa msichana. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na bado natafuta kazi, basi jioni tukawa tunakaa pamoja na kile kitabu cha mafunzo, mimi nasoma, yeye anaeleza kwa maneno yake. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi darasani kwangu. Tulipofika sura ya vidonda vinavyotokana na kulala upande mmoja muda mrefu, Mama alikuwa akiyajua yote, ila hakujua kwamba yana sura yake kitabuni. Aliponiomba nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa, aliutazama mstari ule kwa muda, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi mmoja wenye vitanda vilivyopangwa safu, sinki refu ukutani, na harufu ya sabuni ya dawa. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha sanamu la plastiki ambalo wanafunzi walilipa jina la Bwana Plastiki. Siku ya kwanza Mama alilikuta limefunikwa hadi kidevuni, akaliamkia shikamoo. Alipogundua, alisema hajutii. Kama mtu amelala unamsalimu, plastiki au si plastiki. Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista, mwanamke mwembamba mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti. Alisikia salamu ile, hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Huyo Sista alikuwa na utaratibu wake. Katika mtihani wa kumwogesha mgonjwa kitandani, Bwana Plastiki hakutumika. Wanafunzi walipangwa wawili wawili, mmoja mhudumu, mwingine mgonjwa, na wote wawili walipewa alama. Mgonjwa alipewa kadi inayoeleza hali yake, naye alitakiwa kuishi ndani ya kadi hiyo mpaka mwisho. Sista alisema hawezi kumpima mhudumu kama mgonjwa anamfanyia kazi yake. Pia alisema hampi cheti cha kuwageuza watu mtu ambaye hajawahi kukubali kugeuzwa.

Mama alipangwa na Msusi. Huyu ni mwanamke mkubwa, mcheshi, aliyesuka nywele za watu kwa miaka mingi, kisha akaamua kusomea huduma kwa sababu wateja wake wengi walikuwa wamezeeka na alikuwa akiwafuata vitandani na vitana vyake. Kadi ya Mama ilisema: mkono wa kulia na mguu wa kulia havifanyi kazi, mgonjwa anaweza kuongea. Ilikuwa kadi rahisi. Ilikuwa hali ya Bibi Fundi ile ile.

Msusi alibisha hodi pembeni ya pazia, akasalimu, akajitambulisha, akaeleza anachotaka kufanya, akaomba ruhusa. Vizuri kabisa. Kisha akaleta beseni, na ule mkono usiofanya kazi ukatoka chini ya shuka, ukachovya kidole majini. "Ongeza ya moto kidogo, dada," Mama akasema.

Msusi alimkazia macho. Mama akaurudisha mkono. Muda si muda Msusi akawa anatafuta taulo, na mkono ule uliopooza ukampa. Ilipofika kugeuzwa, Msusi alikuta mgonjwa ameshajigeuza zamani na anamngoja upande wa pili. Shuka lilipojikunja, mgonjwa alilinyoosha, akaipachika pembe yake chini ya godoro kwa ufundi ambao kitabu kinaueleza kwa ukurasa mzima.

Sista alisogea bila sauti. Akamwuliza Mama kama mkono wake umepona.

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mama aliuficha mkono chini ya shuka, na aliniambia baadaye kwamba aliukalia kabisa. Lakini Msusi, kwa sababu ya kucheka, aliligonga beseni, beseni likainama, na mkono ukachomoka kulidaka kabla tone moja halijamwagika. Hapo Sista akafunga kalamu yake.

Alama hazikuhesabiwa, za Mama wala za Msusi. Wakapewa nafasi moja ya kurudia, baada ya wiki mbili, siku chache kabla ya vyeti kutolewa. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka mafunzo yajayo, na ofisi haingengoja mafunzo yajayo.

Basi nyumba yetu ikageuka wodi. Jioni ile ile Baba alitangaza kwamba yeye ndiye mhudumu. Aliosha mikono hadi kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji, akamlaza Mama kwenye kochi, akamfunika shuka, akanitaka nimshikie kitabu kwenye sura ya kumlisha mgonjwa. Kitabu kinasema umwambie mgonjwa unachomlisha.

"Mama watoto," Baba alisema, "hii ni supu."

"Naijua. Nimeipika mwenyewe."

Kijiko cha kwanza kilijaa kama toroli la mchanga. Mama alikilalamikia kwa maneno, jambo ambalo kadi ilimruhusu, na Baba akapunguza. Cha pili kilikwenda sawa. Cha tatu kilidondosha tone moja kidevuni, na mkono wa kulia ukapanda kulifuta kabla hata Mama hajajua. Wote watatu tuliutazama mkono ule. Ulikuwa umesimama hewani na kona ya shuka vidoleni, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Tulianza upya. Tukaendelea vizuri mpaka kifuniko cha sufuria kilipoanza kucheza jikoni, na kochi likabaki tupu. Baba alikaa pale na bakuli lake mkononi. Aliniambia niandike kwamba mgonjwa ametoroka.

Siku zilizofuata tulijaribu kila namna. Nilimchana nywele, nikamkata kucha, nikamsomea. Mkono ulijitahidi, lakini mwili mzima ulikuwa umekaa kama mtu anayengoja gari, tayari kunyanyuka. Nikimgeuza, alijibeba mwenyewe. Nilihisi ameninyima uzito wake. Siku moja nilichoka nikapendekeza tuufunge ule mkono kwa mtandio. Mama alinitazama kwa macho makali. "Mgonjwa hafungwi," alisema. "Ukurasa wa mwanzo kabisa."

Nilimwuliza basi tatizo ni nini. Alianza kukunja shuka ambalo hakuna aliyemwomba alikunje. Akaniambia kwamba alikuwa binti wa kwanza nyumbani kwao, na hakumbuki siku hata moja aliyolala huku mtu mwingine amesimama.

"Nikilala mtu akinifanyia kazi," alisema, "naona kama namwibia."

Nilikuwa na shahada, na nilikuwa na mama ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumletea hata kikombe cha chai kitandani, kwa sababu sikuwahi kumkuta kitandani.

Mama alikuwa ameapa kwamba Bibi Fundi hatajua chochote. Alisahau kwamba Msusi ndiye anayemsuka Bibi Fundi. Jumamosi nilifuatana na Mama kumsaidia kubeba shuka zilizofuliwa, na tulipoingia tu tukamkuta Bibi ameketi kitandani, ameegemea mito yake karibu na dirisha, nywele mpya kichwani, na uso wa mtu aliyekaa na kicheko tangu alfajiri.

"Shikamoo Bibi," Mama alisema.

"Marahaba. Nasikia umeshindwa na kazi yangu."

Alicheka hadi akakohoa, na Mama ikabidi amwinue kidogo, ampe maji. Chumba kile nakipenda. Cherehani imesimama chini ya kitambaa chenye maua, futi ya kupimia bado inaning'inia kwenye msumari, na kwenye kizingiti cha dirisha kuna kopo la vifungo vya kila rangi. Mama alianza kazi yake ya asubuhi na mimi nikakaa pembeni nikitazama, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kile kitabu, niliona vitu ambavyo zamani sikuvijua. Niliona anavyomgeuza pole pole, anavyopima maji kwa kiwiko, anavyofunika sehemu moja kabla ya kufunua nyingine. Ni mkono mwepesi, ule wa Mama. Alipofika kwenye gauni, niliona pia mkono wa kushoto wa Bibi ukiinuka kuelekea kifungo cha kwanza. Ulikuta kimeshafungwa. Ukaelekea cha pili, nacho kimefungwa. Ukarudi mapajani, ukatulia.

Mama hakuuona. Mimi niliuona, lakini sikujua niuseme vipi.

Bibi alimwuliza nini hasa kilichomshinda pale kitandani. Mama akasema ni kukaa bure. Hapo Bibi aliacha kucheka.

"Kumbe unadhani mimi nakaa bure hapa?" alisema. "Unaponigeuza, nani anakuachia uzito? Nikikaza mwili, mgongo wako utakatika. Kukuachia ndiyo kazi yangu, na niliisoma kwa taabu kuliko kushona koti."

Mama alibaki na mto mkononi. Bibi aliamuru ahamishwe kwenye kiti cha magurudumu. Alipokaa vizuri na breki zimefungwa, akaninyooshea mkono wake mzuri, akanituma nilete beseni la maji vuguvugu na kitambaa cha uso, kisha nikae mbali nisiguse kitu. Halafu akamwambia Mama avue viatu apande kitandani.

Mama alikataa. Alisema kuna nguo za kukunja, kuna dawa za saa nne, kuna sakafu. Bibi akasema sawa, basi amwandikie mtu wa ofisi aje leo leo, huyo mwenye cheti, pengine ni mtiifu zaidi. Alisema kwa uso mkavu kabisa. Mama akavua viatu.

Alilala juu ya kitanda kile alichokitandika mara nyingi kuliko cha kwake, na akaonekana mdogo. Nilimsogeza Bibi karibu, nikarudi mahali pangu. Akachovya kitambaa. Tatizo likaja hapo hapo: kitambaa kilichojaa maji hakikamuliki kwa mkono mmoja. Maji yalianza kuchuruzika kwenye shuka, na mkono wa Mama ukanyanyuka kutoka kitandani.

"Shusha," Bibi alisema.

Mkono ukashuka.

Bibi alifikiri. Kisha akakizungusha kitambaa kwenye mkono wa kiti chake, akashika ncha mbili kwa pamoja na kuzisokota, na maji yakarudi kwenye beseni na kwenye goti lake na kwenye sakafu. Alitazama kazi yake, akaridhika. Akamwambia Mama kwamba sasa anamfuta paji la uso. Akamfuta. Alikwenda polepole, kwa mstari ulionyooka, kama anayechora kitambaa kwa chaki kabla ya kukikata. Paji la uso, kope, pembeni mwa pua. Tone likamwingia Mama sikioni na Mama akasema, kwa maneno tu, kwamba kuna maji sikioni. Bibi akaomba radhi, akalifuta. Akahamia nyuma ya sikio, mahali ambapo watu wazima hawaoshwi na mtu tena.

Ilichukua muda mrefu sana. Dawa za saa nne mimi ndiye niliyezileta na maji yake, Mama akanielekeza kwa mdomo, bila kunyanyuka. Nilipompa Bibi niliona vidole vya mkono wake wa kulia vimelala wazi juu ya shuka, na machozi yanashuka kuelekea masikioni.

"Sabuni imekuingia?" Bibi aliuliza.

Mama akasema ndiyo. Hakukuwa na sabuni. Mimi ndiye niliyelileta beseni, sikuwa nimeitia.

Bibi alikitua kitambaa begani, akapumua kama mtu aliyemaliza oda kubwa. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa. "Tangu niugue," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza kuna mtu aliyenihitaji mimi nimfanyie kitu."

Mama aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda. Gauni la Bibi lilikuwa limelowa, ikabidi libadilishwe, na Mama akamvisha jingine, lenye safu ndefu ya vifungo kutoka shingoni hadi kiunoni. Alifunga cha kwanza. Mkono wake ukaelekea cha pili, kisha ukasimama, ukarudi. Akamwuliza Bibi kama angependa kuendelea mwenyewe.

Bibi alimtazama, akaanza. Alifunga vyote, kimoja kimoja, ulimi nje. Katikati aliruka tundu moja, upande mmoja wa gauni ukawa mrefu kuliko mwingine. Mama aliuona ule upande, nami nilimwona Mama akiuona. Aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akasema gauni limempendeza.

Siku ya kurudia mtihani niliandamana naye, kwa kuwa Bibi alitaka taarifa kamili na alisema hamwamini Msusi, anaongeza chumvi. Baba alitusindikiza mpaka nje. Alimwambia Mama kwamba leo hata akiambiwa sufuria inaungua, asiamke.

Sista aliniruhusu kukaa kwenye benchi la pembeni, karibu na Bwana Plastiki. Kadi ilikuwa ile ile. Mama alipanda kitandani, akafunikwa, akavuta pumzi ndefu, akaiachia. Msusi alibisha hodi pazani. Alikuwa ameacha utani wote siku hiyo. Cheti chake nacho kilikuwa kimelala pale.

Akasalimu, akaeleza, akaomba. Maji yakaja na hakuna kidole kilichoyapima. Alifuta uso, akafuta shingo, akafuta mkono wa kulia, na mkono ule ulilala mikononi mwake kama kitambaa. Taulo likateleza likaanguka sakafuni. Niliona vidole vya Mama vikishtuka, basi. Msusi aliliokota taulo lile, akalitia kwenye kapu la vichafu, akaenda kuchukua safi. Sista aliandika. Msusi akafunika mkono, akafunua mguu, akauosha, akaukausha, akaufunika. Chumba kilikuwa kimya, maji yanasikika yakidondoka kwenye beseni, jua limelala kwenye miguu ya vitanda.

Kisha ikasikika sauti nyingine. Haikuwa kubwa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena.

Mama alikuwa anakoroma.

Mtu mmoja safu ya mbele aliachia kicheko, akakimeza. Msusi alisimama na kitambaa mkononi, macho yamemtoka. Kilichobaki kilikuwa kumgeuza mgonjwa na kumwosha mgongo, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Sheria ya kwanza ya Sista, ile aliyoirudia kila asubuhi, ni kwamba humfanyii mgonjwa kitu kabla hujamwambia. Aliyelala humwambii. Sista aliinua kichwa, akangoja, wala hakumsaidia hata kwa ukope.

Msusi alimtazama Mama usoni kwa muda. Kisha akavuta shuka taratibu, akamfunika hadi mabegani.

"Mgonjwa amelala, Sista," alinong'ona. "Simgeuzi bila kumwambia. Nitabadilisha maji maana haya yamepoa, halafu nitamwamsha pole pole."

Sista alimkumbusha kwamba mtihani una muda wake.

"Najua," Msusi alisema, akachukua beseni, akaenda kwenye sinki.

Aliporudi, aliligusa bega la Mama kidogo tu, akamwita, akajitaja, akamwambia yuko wapi. Mama alifumbua macho. Akashtuka, kama anavyoshtuka kila anayelala mahali asipopazoea, na mkono wa kulia ukaruka juu.

Mkono ulikuwa hewani, vidole vimefunguka, tayari kushika shuka, kitanda, kazi yoyote iliyokuwa karibu. Nilimwona Mama akiutazama. Kisha akauachia. Haukurudishwa wala kufichwa. Uliachiwa, ukaanguka kando yake kwa uzito wake wote, puu, juu ya godoro.

"Samahani, dada," alisema. "Nimekuacha peke yako?"

"Hujaniacha. Nakugeuza sasa, upande wa kushoto."

Mama alijiachia mzima mzima. Msusi, aliyekuwa amezoea mgonjwa anayejigeuza, alipepesuka kidogo, akaweka miguu sawa kama kitabu kinavyosema, akamgeuza. "Kumbe una uzito," alisema, na hapo hata Sista alitabasamu. Mgongo ukaoshwa, ukakaushwa, shuka likanyooshwa na aliyepaswa kulinyoosha.

Muda ulikuwa umepita kidogo. Sista alikaa na karatasi yake tukiwa tumemzunguka, wanafunzi wote, nami nyuma yao nikichungulia. Alisema dakika za kumsubiri mgonjwa aliyelala hazihesabiwi kama dakika zilizopotea, hizo ni za huduma. Akaweka alama mbili, moja chini ya nyingine, zote za kupita. Kisha akavua miwani.

"Nimefundisha watu wengi," alisema. "Wameigiza kuumwa, wameigiza kuzimia. Hakuna aliyewahi kumwamini mwenzake mpaka akalala."

Msusi alimkumbatia Mama akiwa bado kitandani, na wote wawili nusura waanguke juu ya Bwana Plastiki.

Vyeti vilitolewa Ijumaa, katika ukumbi ule ule, na pamoja na kila cheti ikatolewa beji ya kitambaa ya kushonwa kwenye mfuko wa sare. Baba alipiga makofi mpaka waliokuwa mbele wakageuka. Kutoka pale Mama hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Fundi, amekishika cheti kwa mikono miwili, sisi nyuma yake.

Bibi aliomba asomewe kila neno, hata nambari na mhuri. Kisha akaitaka beji na sare. Mama alisema ataishona mwenyewe jioni, ni kazi ndogo. Bibi akamwuliza mshonaji katika chumba hiki ni nani.

Basi meza ilisogezwa mbele ya kiti chake. Alichagua uzi mwenyewe, wa buluu. Mama aliruhusiwa kutunga sindano tu, akaambiwa aende akakae. Shati lilikuwa linakimbia meza nzima, kwani mkono mmoja hauwezi kushona na kushikilia, na niliona Mama anavyoumia kwa kulitazama. Bibi alizungusha macho chumbani. Pasi yake ilikuwa rafuni, imetoka kwa Baba, imepona. Akaagiza iletwe ikiwa baridi, akaiweka juu ya shati, shati likatulia.

Alishona. Sindano iliingia pasipotakiwa, ikatolewa, ikaingia tena. Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani. Mwanzoni alifuata kila tundu kwa macho, midomo ikimcheza. Halafu macho yakaanza kuchelewa. Halafu kichwa kikaegemea ukuta, na viganja vyake vikafunguka vyenyewe, vikatazama juu.

Bibi alinyanyua beji mara moja, akaniuliza kama imenyooka. Nilimwambia ukweli, imeinama kidogo kushoto. Alisema vizuri, kila atakayeiona atauliza nani aliyeishona.

Baba alikuwa ametoka kwenda kuwasimulia majirani. Aliporudi, akafungua mlango, akamwona mhudumu mwenye cheti amelala dirishani na mgonjwa yuko kazini, sindano mdomoni. Aliuliza kwa sauti yake ile ya karakana, sasa hapa nani anamhudumia nani.

Bibi Fundi aliitoa sindano mdomoni.

"Punguza sauti," alisema. "Mgonjwa amelala."